Kupanda Kilima kwa Baiskeli si Kukosa Nauli

"Mzee, umekosa nauli?"

Swali hili niliulizwa na kijana mmoja wa pikipiki pale Kisian, mahali ambapo barabara itokayo Kisumu hugawanyika, moja ikashika njia ya Bondo na nyingine ikapanda kuelekea Maseno na Busia. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, jua limechomoza punde tu, nami nilikuwa nimeshuka juu ya baiskeli yangu ninywe maji kabla ya kuukabili mlima. Kijana yule hakuniuliza kwa dharau. Aliniuliza kwa huruma, na hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa tayari kunipakia mimi na baiskeli yangu bure mpaka juu.

Nilimshukuru, nikamwambia nauli ninayo, ila nataka kupanda kilima. Akakitazama kilima, akanitazama mimi na ndevu zangu zenye mvi, akacheka. "Haya, Mungu akusaidie," akasema, akaenda zake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria swali lake, maana si lake peke yake. Hata jamaa zangu wa Mombasa waliposikia kwamba mtu wa makamo yangu, mwenye kazi yake na wajukuu wake, hutoka alfajiri kupanda vilima vya bara kwa baiskeli, waliulizana kama mambo yamenikalia vibaya. Tumeizoea fikira kwamba baiskeli ni chombo cha mtu asiye na uwezo, na kwamba anayepata shilingi mbili tatu sharti aiache. Na akionekana mtu anapanda mlima kwa hiari yake, husemwa kwamba huo ni uzungu. Mimi nasema fikira hiyo ina kasoro, na hasara yake ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Ni nani kati yetu tuliolelewa Pwani asiyekumbuka sikukuu za Idi, tulipokuwa tukikusanya pesa tulizopewa na wazee na kukimbilia baiskeli za kukodi? Ulilipa kwa nusu saa, ukazunguka mitaani na kanzu mpya umeifunga kiunoni isinaswe na cheni. Hakuna aliyetuambia tumekosa nauli. Ile ilikuwa furaha tupu, na ilikuwa furaha yetu wenyewe. Basi imekuwaje jambo lililokuwa furaha ya Idi liwe aibu ya utu uzima?

Kisumu nako baiskeli ina historia yake. Wajaluo huiita ndiga. Kabla ya pikipiki za bei nafuu kuenea mwishoni mwa miaka ya 2000, boda boda ya mji huu ilikuwa baiskeli nzito isiyo na gia, yenye kiti cha sponji juu ya keria. Desturi ile ilianzia Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ikatambaa hadi ziwani. Abiria alijua adabu yake: mkifika kwenye mwinuko hushuka akatembea, dereva akasukuma, kisha mkapanda tena. Kwa hiyo watu wa hapa walivijua vilima vyao kwa miguu na kwa pumzi.

Siku hizi aghalabu vilima hivyo hupitwa tu. Msafiri atokaye Pwani huja kwa basi usiku kucha, akaamka Kisumu, akauza bidhaa zake au akazuru jamaa, kisha akageuza. Ukimwuliza Kisumu ikoje, atakwambia kuna ziwa na samaki na joto. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Mji umekaa kando ya Ghuba ya Winam, kwenye kimo cha mita 1,130 hivi kutoka usawa wa bahari, na nyuma yake ardhi imeinuka kama ukuta: upande wa kaskazini viko vilima vya Riat na Kajulu, na upande wa mashariki uko mpasuko wa Nandi, ukilinda Uwanda wa Kano. Asiyepanda kuta hizo ameuona ua wa nyumba, hajaingia ndani.

Mimi hutoka baada ya sala ya alfajiri. Jua la Kisumu huchelewa kuliko la Mombasa kwa dakika 20 hivi, kwa hiyo mtu hupata baridi ya kutosha. Nikishaupita uwanja wa ndege na Otonglo, njia huwa tambarare mpaka Kisian. Kutoka hapo ndipo kazi huanza. Sisi watoto wa Mombasa mlima tuliouzoea ni ule mteremko wa feri ya Likoni, na tulidhani ndio mlima hasa. Mlima wa Ojola utakufundisha adabu. Unabadili gia mpaka zinakwisha, mapaja yanawaka moto, nawe unagundua kwamba ukijitahidi kwa pupa utashindwa, bali ukitulia na kuhesabu pumzi utafika. Subira tunayohubiriwa misikitini, hapo unaifanyia mazoezi.

Halafu, ukigeuka nyuma, unaiona ghuba yote imetandazwa chini yako kama mkeka. Kwa mbali visiwa na vilima vya ng'ambo vinaonekana ndani ya ukungu. Wenyeji huliita ziwa hili Nam Lolwe, na ukilitazama kutoka huko juu unaelewa ni kwa nini mtu alipe jina la heshima. Qurani inatuhimiza kutembea katika ardhi na kuangalia. Mtu aliyelala ndani ya basi ametembea, lakini ameangalia nini?

Lakini si mandhari tu. Faida kubwa ya baiskeli ni watu. Mwenye gari hupita, na mpanda baiskeli husalimiwa. Katika mlima ule hukutana na wanaume wateremkao na magunia ya makaa, au mikungu ya ndizi kutoka Bunyore, wakisaidia breki kwa nyayo za miguu. Hukutana na akina mama wapandao na beseni za omena. Siku moja cheni yangu ilikatika. Mzee mmoja mwenye gunia la makaa aliegemeza baiskeli yake mtini, akatoa koleo na kipande cha cheni kuukuu mfukoni, akanitengenezea papo hapo. Nilipotaka kumlipa alikataa. Akaniambia kwamba barabarani mwenye baiskeli ndugu yake ni mwenye baiskeli. Nimekaa Kisumu miaka mingi, nimehudhuria mikutano chungu nzima ya kuhimiza umoja wa Wakenya, na sijasikia hotuba iliyonigusa kama maneno yale machache.

Kufika Maseno ni safari ya kilomita 25 hivi kutoka mjini, na kimo chake ni kama mita 1,500. Hapo kando ya barabara pana alama ya ikweta, na mawe makubwa yamebebana vilimani kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Kule kwetu kibla ni kaskazini kwenyewe, hata mabaharia wetu kaskazini wameiita kibla. Maseno hupinda kidogo tu upande wa mashariki. Siku ya kwanza nilitandika msala wangu chini ya mti, nikasali rakaa mbili za dhuha nikiwa juu ya mstari ugawao dunia mapande mawili. Sijui kama nauli ya basi yoyote ingeninunulia saa ile.

Sasa nije kwenye uchungu. Mwaka mmoja, nikiteremka kutoka Maseno, matatu moja ilinijia kwa nyuma ikipiga honi, ikanibana mpaka nikaacha lami na kuangukia kokotoni. Nilichubuka goti na kiwiko, nikamshukuru Mungu kwa kuniacha hai. Nilipokuwa nikipangusa vumbi, nilimfikiria yule mzee wa makaa. Mimi nikiogopa naweza kukaa nyumbani, maana hupanda kwa starehe. Yeye hawezi. Hupita hapo kutafuta riziki ya watoto, gunia nyuma na gari mgongoni. Mahali pengi katika njia zitokazo mjini, lami huishia kwenye ukingo mkali, na ng'ambo ya ukingo ni shimo au mtaro.

Katikati ya Kisumu, miaka ya karibuni, kando ya baadhi ya barabara zimejengwa njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Ni jambo jema, na wanaostahili sifa wapewe. Lakini njia hizo zinakoma pale hatari inapozidi. Kilima ndipo mpanda baiskeli anapoyumba, na ndipo magari yanapoteremka kwa kasi. Njia ya upana wa mita mbili tu kando ya lami, kutoka Kisian kupanda Ojola, na nyingine kutoka Mamboleo kupanda Riat, ingemhifadhi mwenye makaa, mwenye ndizi, mtoto wa shule na mtalii. Lakini ni nani atakayeijenga, ikiwa wenye sauti wote wanaona baiskeli ni aibu? Hapo ndipo penye hasara niliyoitaja. Tunapoidharau baiskeli, tunamdharau aliye juu yake, na anayedharauliwa hatengewi njia.

Wenzetu wameamka. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kujifunza mbio za baiskeli vilimani Kikuyu chini ya David Kinjah, alishinda mbio kuu za Ufaransa mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Suleiman Kangangi, Mkenya mwenzetu, alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, Mungu amrehemu. Alikuwa ameiinua baiskeli mbele ya macho ya vijana wengi. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika, katika mji ambao sifa yake ni vilima. Je, hao wote walikosa nauli?

Msomaji wangu wa Pwani, si lazima uje Kisumu, ingawa ukija karibu. Vilima unavyo. Toka Kombani alfajiri moja, panda taratibu hadi Kwale, kisha geuka uitazame Bahari ya Hindi. Na akitokea kijana wa pikipiki akakuuliza kama umekosa nauli, usikasirike. Mwambie unayo, nawe umeamua kuiweka.