Viyoyozi Vinavyofuja Umeme Vipigwe Marufuku

Kiyoyozi kinapounguruma ofisini Dar es Salaam, mkulima wa Mazingara, wilayani Handeni, ana haki ya kuuliza kinakula umeme wa nani. Katika wilaya jirani ya Korogwe, maji ya Mto Pangani ndiyo yaendeshayo mitambo ya Hale, iliyoanza kazi mwaka 1964 ikiwa na uwezo wa megawati 21. Ukame ulipoleta mgao wa umeme mwaka 2006, ilidhihirika kwamba nishati hiyo si mali ya kuchezewa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kiyoyozi duni chenye kutoa kilowati 3.5 za ubaridi, kikifanya kazi kwa nguvu zote, hula uniti 10 kwa saa 8. Kilicho bora hutoa ubaridi ule ule kwa uniti 5.6. Kwa siku 22 za kazi, tofauti hufikia uniti 96.8. Nyumba iliyo katika kundi la watumiaji wadogo wa TANESCO hutakiwa isizidi uniti 75 kwa mwezi mzima! Yaani chombo kimoja ukutani hupoteza bure umeme unaozidi ule wa familia nzima.

Ghana iliweka viwango vya kisheria mwaka 2005, na Kenya ikatoa kanuni zake mwaka 2016. Vyombo vinavyokataliwa katika bandari moja hutafuta bandari nyingine. Je, Tanga na Dar es Salaam ziwe jalala la vilivyokataliwa Mombasa?

Wafanyabiashara hulalamika kwamba vyombo bora ni ghali. Hawasemi kwamba bei ya dukani hulipwa mara moja, bali gharama ya ufujaji hulipwa kila mwezi. Wengine hujivunia megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere. Bwawa hilo halikujengwa kwa fedha za wananchi ili lilishe uzembe.

Kiwango kisicho na adhabu ni nasaha tu. Sheria itaje kiwango cha chini kabisa, Shirika la Viwango lipime kila aina kabla haijaingia sokoni, na lebo ieleze ulaji wa umeme kwa Kiswahili. Ofisi za umma, ambazo hununua kwa fedha za wananchi, zianze kwa kukataa vyombo duni katika zabuni zao. Afisa anayetia saini ununuzi huo anaigawa mali ya taifa. Na aigawe kwa haki.