Swima: Kumdanganya muganga kuhusu mgonjwa ni kumuua

SWIMA, FIZI – Mtoto ana homa kali, kichwa kinamuuma, anatapika, shingo imekaza. Nyumbani wanasema ni malaria, wananunua vidonge viwili vitatu dukani. Siku ya tatu anaanza kuropoka. Sasa wanasema amerogwa, anapelekwa kwenye chumba cha maombi. Akianza kukakamaa ndipo inatafutwa pikipiki ya kumpeleka hospitali kuu ya Nundu. Muganga anauliza: ilianza lini? Amekunywa dawa gani? Familia inajibu: jana tu, hajakunywa kitu.

Uongo huo unaua, na wakaaji wa kandokando ya ziwa waache kuutetea.

Dalili hizo zinaweza kuwa za menenjite, ugonjwa unaoshika utando unaofunika ubongo. Ile inayoletwa na bakteria inaua kwa saa, haingoji wiki. Dawa ya dukani iliyonywewa nusu haiiponyi, lakini inaweza kuficha bakteria wasionekane kwenye maabara. Muganga asipoambiwa, anapotezwa njia.

Tena kuna wanaokataa mgonjwa asitolewe maji ya mgongo, eti sindano hiyo inaua. Inachomwa chini kiunoni, na maji hayo ndiyo yanayoonyesha ni ugonjwa gani na dawa gani itafaa. Wengi wanaokufa baada ya sindano walifikishwa wakiwa wamekwisha kuzidiwa. Kuchelewa ndiko kuliwaua.

Tusisahau Banalia, jimbo la Tshopo. Serikali ilipotangaza menenjite huko tarehe 8 Septemba 2021, wagonjwa walioshukiwa walikuwa 261, na 129 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Karibu nusu!

Lakini lawama si ya wazazi peke yao. Kuna wauguzi ambao kwao kila homa ni malaria. Kipimo cha malaria kikitoka chanya, hawainamishi hata shingo ya mgonjwa, kumbe mtu anaweza kuwa na malaria na menenjite pamoja. Wengine wanamgombeza mama mbele ya watu kwa sababu alianzia kwenye maombi. Mama aliyeaibishwa leo, kesho atasema uongo. Na wakubwa wa afya wajue kwamba bila dawa wala usafiri wa haraka, mashauri hayaponyi mtu.

Kuombea mgonjwa si kosa. Muombeeni akiwa juu ya pikipiki, njiani kwenda hospitali.

Homa pamoja na shingo kukaza, kuropoka, kuogopa mwanga au kukakamaa: usilale naye nyumbani. Kwa mtoto mchanga, angalia utosi uliovimba, kukataa ziwa, kulia sana akibebwa. Ukifika, sema kweli yote: siku ilipoanza, kila kidonge, kila mti shamba. Anayepona naye anaweza kubaki kiziwi au na kifafa. Hakuna aibu inayolingana na hiyo hasara.