LAMI IPIMWE MBELE YA WAFANYAKAZI



Barabara mpya ikifanya mifereji ya magurudumu kabla ya mwaka kwisha, wa kwanza kulaumiwa ni nani? Ni dereva wa rola na kibarua wa reki. Husemwa hawakushindilia sawasawa. Hakuna anayeuliza kwanza lami yenyewe ilikuwa lami gani. Jambo hili chama lazima kilisemee.

Siku hizi barabara za malori mazito huwekwa lami iliyochanganywa na polima, yaani aina ya mpira. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu lori na mzigo wake hadi tani 56. Lami ya kawaida hulainika kwenye digrii 50 hivi, na barabara nyeusi juani huweza kufika hapo. Mpira huisaidia kustahimili joto na kurudi mahali pake gurudumu likishapita. Lakini ni ghali, na penye ghali ndipo penye udanganyifu. Kwa macho, lami zote ni nyeusi.

Vipimo vipo, wala si uchawi. Kwanza, lami hutiwa ndani ya pete, juu yake huwekwa gololi ya chuma, kisha hupashwa moto polepole ndani ya maji. Hutazamwa gololi inazama kwa digrii ngapi. Pili, lami huvutwa kama uzi mpaka sentimita 20, hukatwa katikati, na baada ya nusu saa hupimwa imerudi kiasi gani. Isiporudi, mpira haumo au umeharibika.

Cha tatu ndicho kinachotuhusu zaidi sisi tusio na bandari. Lami inayotoka Mombasa husafiri zaidi ya kilometa 1,100 mpaka Kampala, halafu hukaa kwenye matangi kambini. Ikikaa moto bila kukorogwa, mpira huweza kupanda juu na kuacha lami tupu chini. Kwa hiyo cheti cha kiwandani kinasema habari za siku ilipotoka kiwandani tu. Lazima sampuli ichukuliwe kambini, juu na chini ya tangi, zilinganishwe.

Tena kuna afya yetu. Msimamizi mwenye haraka huamuru moto uongezwe. Lami ikipita digrii 190 hivi mpira huanza kuharibika, na moshi huzidi. Mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kazi ya kutandaza lami barabarani huenda ikasababisha saratani. Hivyo kipimajoto kinalinda barabara na mapafu pamoja.

Tunadai mambo matatu. Sampuli zichukuliwe kambini mbele ya mjumbe wa wafanyakazi. Matokeo yabandikwe ubaoni kabla lami haijamwagwa, kwa lugha tunayoisoma. Na asifukuzwe wala kukatwa mshahara mtu yeyote kwa barabara iliyoharibika, mpaka matokeo hayo yameonyeshwa.

Wengine watasema maabara ni ya mainjinia, sisi tushike makoleo. Sawa, wapime wao. Lakini anayebeba lawama ana haki ya kuona kipimo. Wajumbe, ulizeni tangi la kambini kwenu lilipimwa lini, na jibu lileteni kwenye mkutano wa tawi.