Mwandishi na Awe na Sahifa Yake

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, tangu Pumwani na Kaloleni hadi Buruburu na Umoja, wako vijana wengi watungao mashairi na hadithi kwa Kiswahili. Wengi wao huziweka kazi zao katika mitandao ya kampuni za ng'ambo, ambako kila kitu ni bure ila uhuru. Mimi nasema kuwa mwandishi atakaye kuwa huru hana budi kuwa na ukurasa wake mwenyewe. Chako ni chako, cha mwenzio si chako.

Jambo hili si geni kwetu watu wa pwani. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Mombasa karatasi yake iitwayo Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Hakungoja mkoloni wala tajiri ampe nafasi ya kuwausia Waislamu wenzake.

Majuzi kijana mmoja wa Kaloleni alinionyesha programu ndogo aliyoiunda mwenyewe. Yeye huandika shairi lake katika faili ya maandishi matupu. Programu hulichukua, ikalitia katika kiolezo chenye jina lake na orodha ya tungo zake, kisha ikatoa ukurasa uliokamilika wa kupelekwa kwenye seva. Tovuti nyingine huuandaa ukurasa upya kila aingiapo msomaji, mfano wa chapati za kuagiza. Hii ni kama mahamri yaliyokwisha kupikwa alfajiri. Mnunuzi hupokea tu akenda zake. Wala si uzushi wa jana, kwani Jekyll, programu ya namna hii iliyoundwa na Tom Preston-Werner, imekuwako tangu 2008.

Faida zake ni mbili. Kwanza ni wepesi: shairi la beti kumi halizidi kilobaiti chache, hata mwenye salio dogo hulisoma bila taabu. Pili, asili ya kazi hubaki mkononi mwa mtungaji. Yahoo ilipoifunga GeoCities mwaka 2009, mwenye nakala zake aliweza kuhamia kwingine. Asiyekuwa nazo alibaki kuwategemea wahisani waliowahi kunakili.

Lakini yako ya kutahadhari. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na wasomaji huwa haba mwanzoni. Hatari kubwa zaidi ni fundi kummeza mtunzi. Nimewaona watu wakibadili rangi na mapambo miezi nenda miezi rudi, na ubeti mmoja hawajaandika. Ubao tuliosomea Qurani chuoni haukuwa na nakshi, lakini juu yake tulihitimu Juzuu Amma. Programu ikishatoa ukurasa unaosomeka, iachwe ifanye kazi yake, na mwenyewe arudi kwenye kalamu.

Basi vyama vyetu vya Kiswahili na madrasa zenye kompyuta, Pumwani hata Mombasa na Lamu, viwafunze vijana ujuzi huu. Tungo nyingi za wazee wetu zilipotea kwa kuwa hazikuandikwa. Itakuwa aibu za wajukuu wao zipotee ilhali zimeandikwa, kwa sababu tu ziliwekwa katika nyumba ya kupanga.

Wabillahi tawfiq.