Kanji si uchawi, acheni visingizio

Nilikuwa kimya, mitihani ilinibana. Leo nina dukuduku, acha nilitoe.

Ijumaa nilipanda Coaster kurudi nyumbani Bagamoyo. Tumebanana, nimesimama nyuma kabisa. Kwenye mlango wa nyuma kuna kibandiko chekundu: 非常口. Nikamuuliza mshkaji tunayesoma naye Kijapani, "Hapo pameandikwa nini?" Akacheka. "Aah, hayo mapambo bwana. Kanji ni za maprofesa, mimi naandika kwa herufi zetu tu."

Mapambo! Yale maandishi yanasema "mlango wa dharura". Gari zima hakuna anayejua, na kiti kimefungwa palepale mbele ya mlango. Siku gari likilala ubavu tutavunja vioo wakati mlango upo.

Najua utetezi wenu: kanji ni nyingi mno. Kweli, orodha rasmi ya matumizi ya kila siku, iliyorekebishwa 2010, ina 2,136. Lakini nani kakwambia uzimeze zote kabla ya UE? Mtoto wa Kijapani anapewa miaka 6 ya shule ya msingi kujifunza 1,026. Wewe anza na za safari na msosi.

口 ni mdomo. 出 ni kutoka, basi 出口 ni mlango wa kutokea. 入 ni kuingia, 入口 mlango wa kuingilia. Umeshapata tatu na hujatoka jasho. 車 ni gari, 止 kusimama. 行 ni kwenda, na wenzetu huiandika kwenye kibao cha basi baada ya jina la kituo. Ukishuka Bagamoyo una njaa: 食 kula, 飲 kunywa, 米 mchele, 魚 samaki. Na 茶 inasomwa "cha". Ndiyo, chai hiyohiyo! Neno lao na letu yote asili yake China.

Kinachoniuma ni hiki. Chuo Kikuu cha Osaka kuna Wajapani wanasomea Kiswahili mpaka digrii, na ngeli zetu zote zile. Sisi magari yao tunayapanda kila siku, halafu maandishi yake tunayaita mapambo. Huo si ugumu wa kanji, ni uvivu wetu.

Kazi ya wiki hii: kila daladala utakayopanda, soma walau kibandiko kimoja. Ukikuta 非常口, mwambie na konda.

Nawasilisha.