Mgonjwa Ajulishwe Aina ya Maradhi Yake

Katika milima ya kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, ambayo sehemu yake kubwa i juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, malaria haidumu mwaka mzima kama idumuvyo kando ya Ziwa Victoria, bali huzuka kwa mlipuko baada ya mvua na joto, ikawapata wakubwa kwa wadogo kwa kuwa miili yao ina kinga haba. Hayo ni maradhi ya ghafula, yaenezwayo na mbu, na tiba yake ina mwisho. Kisukari na shinikizo la damu, kinyume chake, ni maradhi sugu yasiyoambukiza. Naye asiyefahamishwa tofauti hiyo huacha vidonge siku ajionapo mzima, akajitia katika hatari ya kiharusi na ya kuharibika figo. Kwa hiyo naziomba serikali za kaunti hizi mbili, ambazo tangu 2013 zimekabidhiwa amana ya hospitali na zahanati, ziwaagize matabibu wamweleze kila mgonjwa, kwa Ekegusii au kwa Kiswahili fasaha, iwapo maradhi yake huambukiza, iwapo ni ya muda au ya kudumu, na dawa yake ikome lini. Elimu hiyo ni haki ya mgonjwa, wala si ihsani ya tabibu.