Pete ya Chanda Kilichozikwa

Wazee walituachia neno kwamba chanda chema huvikwa pete. Sisi tunangoja chanda kizikwe ndipo tunapomkimbilia sonara!

Mtazameni Sister Rosetta Tharpe wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1915 huko Cotton Plant, Arkansas. Mama yake alikuwa mhubiri, naye akakulia kanisani na gitaa mkononi. Gitaa la umeme alilichachafya kabla wanaume wa roki hawajajulikana. Mwaka 1947, mjini Macon, alimpandisha jukwaani kijana mmoja ambaye dunia ilikuja kumwita Little Richard, nyota wa roki. Mwaka 1964 Waingereza walimwandalia onyesho kwenye stesheni kuukuu ya reli, Manchester. Mvua ilinyesha, jukwaa likalowa, watu wameketi ng'ambo ya reli. Mama wa watu akajivika gitaa juu ya koti lake, akapiga. Hiyo ndiyo kazi!

Lakini asante ya punda ni mateke. Baadhi ya waumini walikwisha kumnunia kwa kuimba kwenye kumbi za starehe, kana kwamba Mungu hasikii nje ya kanisa. Kiharusi kikampata, akakatwa mguu kwa kisukari, akafariki Philadelphia mwaka 1973. Kaburi lake lilikaa bila hata jiwe la jina hadi 2009. Jumba la heshima la roki lilimkumbuka 2018, miaka 45 tangu azikwe!

Tusiwacheke Wamarekani. Mtaani kwetu yuko mzee mpiga gitaa, vidole vina sugu, uzi mmoja ameuweka wa waya wa breki ya baiskeli. Juzi alipiga arusini tangu magharibi hadi usiku wa manane. Ujira wake? Pilau ndani ya mfuko.

Nanyi si wachoyo, nawajua. Msiba ukitokea hamlali, mnachanga hata cha kukopa. Na hapa siwezi kunyamaza: hizi sare za misiba ni za nini? Mgonjwa alikosa nauli ya hospitali, leo ukoo mzima umevaa fulana zenye picha yake! Haya tuliyatoa wapi?

Jumamosi mzee yule anapiga tena. Wenye shughuli, mpeni ujira wake taslimu, mkononi, kabla hajafungua begi la gitaa. Na mmoja wenu ampitie na nyuzi mpya, zote sita.